Wazee Walipokea, Hawakukubali

Usiku mmoja wa Februari, wazee wengi wakiwa wamelala na theluji ikipiga madirisha, nilimsimulia mfanyakazi mwenzangu habari za sanduku langu la bati. Sote wawili ni wahudumu katika makao ya wazee hapa Winnipeg, Kanada. Yeye ni Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, kutoka kaskazini mwa jimbo letu la Manitoba. Mimi ni Mtaita, nimezaliwa vilimani juu ya Voi. Tulianza na habari za ada za watoto, nikajikuta nasema kwa fahari, "Na mimi nilisoma shule ya bweni."

Nikamweleza yote. Sanduku la buluu lenye kufuli, jina langu limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Godoro lililokunjwa na kufungwa kamba juu ya matatu. Mama aliuza mbuzi wawili ili nipate viatu na blanketi, na majirani wakanisindikiza hadi barabarani wakiimba tenzi. Kwetu mtoto akiitwa bweni, nyumba nzima hutembea kichwa juu mwaka mzima.

Hakusema kitu. Aliweka kikombe chini, akakitazama, kisha akaniambia kwamba mama yake pia alisoma shule ya bweni. Alichukuliwa akiwa na miaka sita. Walionyoosha mikono kumsindikiza walikuwa wanalia, na bibi yake hakumwona tena.

Nimeishi Kanada miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimekwisha kusikia habari za shule hizo kwenye redio. Lakini nilizisikia kama msikilizaji wa Kiswahili anavyosikia maneno "shule ya bweni", yaani kwa hamu kidogo. Neno lilinificha jambo. Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma, nikiuliza, na zaidi nikikaa kimya mbele ya watu wanaojua. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wa makanisa ya Kiswahili huku ugenini, maana sisi tunasali ndani ya majengo yenye historia, na wengi wetu hatujawahi kuambiwa historia hiyo.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, serikali ya Kanada ilikuwa na mpango wa kuwatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao ili wasikue kama wazazi wao. Serikali ililipa, makanisa yakaendesha. Mpango ulishika kasi mwaka 1883, na mwaka 1920 sheria ikaipa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi kuwatoa watoto. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo, wa makundi yote matatu ya wenyeji: Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Zaidi ya nusu ya shule zilikuwa chini ya Kanisa Katoliki, na zilizobaki ziligawanywa kati ya Waanglikana, Kanisa la Muungano la Kanada na waliolitangulia, na Wapresbiteri. Ushirika huo wa serikali na makanisa ulivunjwa mwaka 1969, lakini shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Mwaka ambao mimi nilibeba sanduku langu, baadhi zilikuwa bado zimefunguliwa.

Kifua kikuu kiliwamaliza watoto. Mwaka 1907 daktari wa serikali aitwaye Peter Bryce alikagua shule za Manitoba na nyanda za magharibi, akaandika kwamba takriban robo ya wanafunzi waliopita katika shule alizopata takwimu zake walikuwa wamekufa. Katika shule moja ilikuwa zaidi ya nusu. Ripoti yake ilichapishwa magazetini, watu wakaisoma, na shule zikaendelea. Hadi leo kituo cha kitaifa cha kumbukumbu, kilichopo hapahapa katika Chuo Kikuu cha Manitoba, kimeandika majina ya watoto zaidi ya 4,100 waliofariki, na kazi ya kuyatafuta mengine haijaisha. Tuna methali tunayoitamka mlangoni kwa furaha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila nikiikumbuka habari ya Bryce, methali hiyo hunikwama kooni.

Niseme kuhusu kibao. Katika shule yangu ya msingi kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, naye akakaa akitega sikio amkamate mwingine amkabidhi. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Wakenya wengi wa umri wangu wanakijua. Nilikivaa mara nyingi kwa sababu nililelewa na bibi, na Kidawida kilinitoka hata usingizini. Wamishonari walikuwa wameondoka zamani. Aliyetuchapa alikuwa mwalimu wetu, Mtaita kama sisi, na yeye aliamini anatusaidia. Bibi huyohuyo aliyekuwa mshiriki mwaminifu wa kanisa, asiyekosa Jumapili hata mvua ikinyesha, aliteremsha sauti kila alipotaja *fighi*, ile misitu mitakatifu ya wazee, au mapango ambamo mafuvu ya mababu yamepangwa mpaka leo. Kana kwamba kuna mtu angemsikia.

Kwa hiyo mwenzangu aliponiambia kwamba mama yake alipigwa kwa kusema Kikrii, mwili wangu ulielewa kabla ya akili. Lakini sitaki kuvipima viwili hivi kwa mizani moja. Mimi jioni nilirudi nyumbani. Kidawida kilikuwa kinanisubiri jikoni pamoja na ugali. Mama yake alirudi nyumbani baada ya miaka kumi, na hakuweza kuzungumza na mama yake mzazi.

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia, sitasema zaidi juu yake kuliko inavyofaa. Akili yake inakwenda na kurudi. Siku ya kwanza nilipomkaribia na mkasi ili nimpunguze nywele, alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu mzima. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwenye shule zile, jambo la kwanza siku ya kwanza lilikuwa kukatwa nywele, na kwa watu wake nywele hukatwa mtu anapofiwa. Watoto waliona mkasi wakadhani mama zao wamekufa. Sasa nikimsuka namsuka polepole, mikono yangu iwe mahali anapoiona, na mara nyingine yeye huimba. Anaimba tenzi. Tenzi za Kikristo kwa Kikrii.

Hapo ndipo wengi wetu hupotea njia. Tunadhani habari hii ni ya Wakristo upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Maelfu ya wenyeji ni Wakristo, wana maaskofu wao, wana Biblia ya Kikrii kwa maandishi ya alama ambayo yalianza kutumika huko Norway House, hapa Manitoba, mwaka 1840. Msimu wa kiangazi wa mwaka 2021, baada ya taifa la wenyeji la Tk'emlúps kutangaza kwamba mitambo ya kupima ardhi imeonyesha dalili za makaburi kama 215 karibu na shule ya zamani ya Kamloops, makanisa kadhaa yalichomwa moto. Baadhi yalikuwa makanisa ya wenyeji wenyewe, waliyojenga babu zao, na machifu walisimama kuomba moto ukome. Bibi huyu anampenda Yesu. Waliomfundisha tenzi ndio waliomkata nywele.

Sasa nije kwenye kuomba radhi, kwa sababu hapo ndipo nimejifunza jambo ambalo sikulijua nikiwa mtoto wa kanisa.

Mwaka 1985 mama mmoja wa taifa la We Wai Kai, kutoka pwani ya magharibi, jina lake Alberta Billy, alisimama mbele ya halmashauri ya Kanisa la Muungano la Kanada akawaambia kwamba wakati umefika wa kuwaomba radhi watu wake. Fikiria ujasiri huo. Yeye ni mmoja wao, ameketi kwenye kikao chao. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1986, mkutano mkuu wa kanisa ulikuwa Sudbury, Ontario. Wajumbe walikuwa ndani wakijadili. Wazee wa wenyeji walikuwa nje, wamezunguka moto, wakingoja. Walipokwisha kukubaliana ndani, kiongozi mkuu wa kanisa, Robert Smith, alitoka akawaendea. Alikiri kwamba kanisa lilichanganya desturi za Magharibi na upana na urefu na kina na kimo cha injili ya Kristo, na kwamba liliwalazimisha wawe kama wao. Akaomba msamaha.

Watu walilia, ngoma zikapigwa, watu wakacheza. Na wazee walijibu nini? Walisema wamelipokea ombi. Hawakusema wamelikubali.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kupokea na kukubali. Kwetu ukimpelekea mtu mbuzi wa suluhu akamfunga kwenye mti bila kumchinja, umeelewa hali yako: hukufukuzwa, na hujasamehewa. Wazee walijenga rundo la mawe mahali pale kuwa kumbukumbu, wakaliacha bila kulimaliza, makusudi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1988, mama Edith Memnook alisimama kwa niaba ya makanisa ya wenyeji akasema wamelitambua ombi lile, na kwamba machungu yangali yapo. Wanachoomba ni moto wao mtakatifu uheshimiwe na watu waishi kwa amani pamoja. Jiwe la mwisho halikuwekwa.

Nimekulia katika kanisa ambalo huwa na haraka na msamaha. Mtu amekukosea asubuhi, jioni mchungaji amekwisha kuwaita, mmeshikana mikono, mmeimba, imekwisha. Asiyeshika mkono ndiye anayegeuka kuwa mkosaji. Nimeyaona haya kwa wajane walionyang'anywa shamba na shemeji zao. Nimeyaona kwa wasichana. Tunachukua maneno ya Bwana kuhusu kusamehe sabini mara saba na kumpiga nayo aliyeumizwa. Wazee wa Sudbury walinionyesha kwamba muda ni mali ya aliyekosewa. Aliyekosa akishamaliza kusema, kazi yake ni kungoja, na kungoja huku mikono inafanya kitu.

Na ombi lile la 1986 halikutaja hata mara moja shule za bweni. Kanisa hilohilo lilipaswa kurudi mwaka 1998 kuomba radhi kwa ajili ya shule. Kama wazee wangelikubali ombi la kwanza papo hapo, je, la pili lingekuja?

Makanisa mengine yalifuata. Shirika la Waoblati, waliokuwa na shule nyingi zaidi kwa upande wa Wakatoliki, waliomba radhi mwaka 1991. Askofu mkuu wa kanisa langu la Anglikana, Michael Peers, alisema maneno yake huko Minaki tarehe 6 Agosti 1993, mbele ya manusura ambao kwa siku kadhaa walikuwa wamesimulia naye amekaa anasikiliza: tuliwakosea ninyi, tulijikosea wenyewe, tulimkosea Mungu. Wapresbiteri walileta ungamo lao hapahapa Winnipeg, Oktoba 1994, pale mito miwili inapokutana, wakamkabidhi Phil Fontaine. Fontaine ndiye aliyekuwa amejitokeza hadharani mwaka 1990, akiwa kiongozi wa machifu wa Manitoba, akasema kwamba yeye mwenyewe alidhulumiwa kimwili na kingono shuleni. Mwanamume mwenye cheo kusema hivyo mbele ya kamera mwaka 1990! Hupita watu wengi pale mitoni na aiskrimu zao wakati wa kiangazi. Mimi nikifika pale huwa nasimama.

Kwenye fedha ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha. Manusura walikwenda mahakamani. Dayosisi ya Anglikana ya Cariboo, huko British Columbia, iliishiwa kabisa kwa sababu ya kesi za shule moja, ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2001. Dayosisi nzima ikafa. Waliumia, lakini walilipa. Mwaka 2006 ukatiwa sahihi mkataba mkubwa wa suluhu kati ya manusura, serikali na makanisa, na taasisi za Kikatoliki zikaahidi, pamoja na mambo mengine, kufanya kila juhudi kuchangisha dola milioni 25 kwa ajili ya uponyaji wa jamii zilizoumizwa. Zilipatikana pungufu ya milioni nne. Mwaka 2015 mahakama ikaziondolea wajibu uliobaki. Waumini wa nchi tajiri, wenye makanisa makuu kila mji, walichangishwa wakaishia hapo. Sisi tunaojua harambee, tunaojua mwalimu wa kijijini anavyotoa nusu ya mshahara ili paa la kanisa liezekwe, tunajua kabisa tofauti ya mkono uliokosa na mkono uliofungwa. Mwaka 2021, baada ya habari za Kamloops, maaskofu waliahidi upya dola milioni 30 kwa miaka mitano. Nawapongeza kwa hilo. Lakini kati ya ahadi ya kwanza na ya pili, manusura wengi walizikwa.

Mwaka 2015 ndio pia Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyochunguza habari za shule hizo, ilipomaliza kazi. Iliongozwa na Murray Sinclair, jaji wa hapa Manitoba, mwana wa taifa la wenyeji la Peguis, aliyefariki Novemba 2024. Yeye na wenzake wawili walisikiliza manusura zaidi ya 6,000, kisha wakaandika miito 94 ya kutenda. Mwito wa 58 ulimtaka Papa aje Kanada aombe radhi ndani ya mwaka mmoja. Alifika baada ya saba. Tarehe 25 Julai 2022, Papa Fransisko, mzee anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, aliletwa Maskwacis, Alberta, kwenye ardhi ya Wakrii. Kwanza alikaa makaburini peke yake, kimya. Kisha akasema kwamba anaomba msamaha kwa unyenyekevu kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji. Kitambaa kirefu chekundu chenye majina ya watoto kilipitishwa mbele yake.

Niliitazama kwenye televisheni ya ukumbi wa makao, wazee wangu wamepangwa kwenye viti. Wengine waliangua kilio. Mmoja aliomba arudishwe chumbani. Mwenzangu alisimama nyuma, mikono kifuani, akasema maneno mawili tu: "Wakristo wengi." Nilimwelewa baadaye. Alikuwa akingoja asikie "Kanisa". Watu wengi wabaya ndani ya nyumba ni jambo moja; nyumba yenyewe ilivyojengwa ni jambo lingine. Mama yake hakuchukuliwa na Wakristo wengi. Alichukuliwa na mpango.

Siku tatu baadaye, katika misa huko Sainte-Anne-de-Beaupré, watu walikunjua bango mbele ya altare wakidai lifutwe Fundisho la Uvumbuzi, yaani ile hoja kwamba Wakristo wakifika nchi ya wasio Wakristo wana haki ya kuidai. Na hapa, ndugu msomaji wa pwani, habari inatufikia hadi kwetu. Hati zile za karne ya 15 ambazo zilitumika kudai nchi zisizo za Wakristo zilianza na sisi Waafrika. Mwaka 1452 na 1455 Papa Nikolasi V alimwandikia mfalme wa Ureno akimruhusu kuteka nchi za wasio Wakristo na kuwatia utumwani watu wake. Ile ya 1493, iliyowagawia Wahispania bara la upande wa pili, ilikuja nyuma yake. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa wakiwa na misalaba kwenye matanga, na mwaka 1593 wakaanza ngome ambayo tunaiita mpaka leo Ngome ya Yesu. Nilipelekwa pale na shule nikiwa darasa la sita. Tulihesabu mizinga, tukanunua mabuyu. Hakuna aliyetuuliza inakuwaje ngome ya mizinga ipewe jina la Yesu.

Vatikani iliyakana mafundisho hayo tarehe 30 Machi 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025 Papa Leo XIV akakabidhi vitu 62 vya wenyeji wa Kanada, kikiwemo chombo cha baharini cha watu wa Arktiki, vilivyokuwa vimekaa Roma karibu miaka mia moja tangu maonyesho ya kimisionari ya mwaka 1925. Ni vizuri. Nilipomwambia mwenzangu, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeongeza jiwe moja.

Na mimi je? Nilikula kiapo cha uraia mwaka 2023, pamoja na watu wa mataifa mengi ukumbini. Kiapo kilikuwa kimebadilishwa mwaka 2021. Ulikuwa mwito wa mwisho katika ile 94. Sasa kila mgeni anaapa kuheshimu katiba inayotambua haki za wenyeji na za mikataba yao. Niliyatamka maneno yale kwa Kiingereza, na moyoni nikayatafsiri: hawa ndio wenyeji, nami naingia kwa mlango wao. Ardhi niliyosimama juu yake ilitolewa kwa Mkataba wa Kwanza, uliotiwa sahihi tarehe 3 Agosti 1871 kaskazini kidogo ya mji huu. Hadi leo kila mtu wa mataifa yaliyouweka hulipwa dola tano kwa mwaka. Dola tano. Kikombe cha kahawa na andazi.

Kanisani kwetu ibada ya Kiswahili ni saa nane mchana, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Waanglikana wazungu ambao wamebaki wachache. Sisi ni Wakongo wengi, Warundi, Wakenya kidogo. Wengi wetu tumekimbia mauaji. Nilipopendekeza tuadhimishe tarehe 30 Septemba, siku ya kitaifa ya kuwakumbuka watoto wale, siku ambayo watu huvaa shati la rangi ya chungwa, palikuwa na ubishi. Mzee mmoja wa kanisa kutoka Bukavu akasema, kwa heshima, "Mama, sisi hatukuwafanyia kitu hawa watu. Sisi wenyewe tunalia." Ni kweli, na sikumjibu haraka. Mama mwingine ndiye aliyesema kwamba alipofika hapa na watoto wanne, kanisa hili ndilo lililomwekea paa; basi kama nyumba imetufaa, deni lake nalo ni la nyumba.

Tulikubaliana kumwalika mzee mmoja, manusura, jamaa wa mwenzangu, aje atusimulie akipenda. Hatukumwomba aombe nasi wala atubariki. Akina mama walipika wali, maharage, sambusa. Watoto walivaa mashati ya chungwa. Alikuja kwa gari la mpwa wake, akashuka, akatembea na fimbo hadi hatua chache kutoka mlangoni, akasimama.

Alitazama mlango. Akatazama msalaba juu yake. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba haingii majengo haya, na kwamba hilo si kusema hataki kutuona.

Tulikuwa tumepanga ukumbi tangu asubuhi. Mzee wa Bukavu, yuleyule, ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alishuka ngazi, akarudi na viti viwili, kimoja kila mkono. Halafu vijana wakamfuata. Viti vikatoka vyote, na meza, na masufuria yakiwa bado na moto, tukakaa katika uwanja wa kuegesha magari, upepo ukipeperusha vitambaa vya akina mama. Alisimulia karibu saa nzima. Mengine hakuyasimulia, alisema hayo hapana. Alikula sambusa tatu. Alipoondoka nilimshukuru, naye akanishika mkono akasema, "Tumeonana."

Mwaka uliofuata tulipanga viti nje tangu mwanzo. Alikuja, akakaa palepale.